Punje Kumi Mezani

Timu ya chuo ilipofungwa mechi ya tisa mfululizo, Kocha Lusajo aliitwa ofisini, akavalishwa kofia ya nyaya, na mbinu zake zote zikahamishiwa kichwani mwa kocha mpya. Ndiyo sheria. Kocha huondoka, alichokijua hubaki.

"Tunachukua mpira wa kikapu tu, mwalimu," fundi alimtuliza. "Ya nyumbani hatuyagusi."

Lusajo hakumwambia kwamba kwa miaka yote mbinu alizipangia jikoni, kwa punje kumi za mahindi mezani, mkewe akipika na yeye akiwa amempakata binti yao.

Jumamosi kocha mpya, Ngonyani, alibisha hodi nyumbani kwa Lusajo. Alikuja kuchukua filimbi ya timu. Hakusubiri kuonyeshwa. Alipitiliza hadi jikoni, akainyanyua kidogo ile droo inayokwama, ndipo akaivuta.

"Shikamoo," mtoto alimwamkia.

"Marahaba, Kidevu. Bado unaficha mchicha chini ya ugali?"

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Mama yake aliuachia mwiko sufuriani.

"Lusajo, huyu amejuaje hayo? Mchukue mtoto, bwana! Mchukue!"

Lusajo alisimama. Alimtazama yule msichana mdogo mwenye kidevu kama chake. Alijua kwamba lazima ana jina. Alilitafuta kichwani, akakuta patupu.

"Wewe," alisema mwishowe. "Njoo hapa."

Msichana alirudi nyuma, akaushika mkono wa Ngonyani.