Kugonga Bega Mara Mbili

Katika ukumbi wetu wa dansi hakuna kinachonipita. Hata nzi akikosea hatua namwona. Mimi ndiye mweka santuri, na meza yangu iko juu jukwaani.

Sheria yetu ni moja: ukigongwa bega mara mbili na unayecheza naye, mwachie. Jumamosi ile mchana Tabu, akicheza na mwalimu wetu wa dansi, Kisoma, alimgonga bega mara mbili. Akagonga tena. Kisha akampiga ngumi, na mwalimu akazidi kumbana.

"Leo dansi limekolea!" nikatania kwenye maikrofoni. Watu wakacheka.

Wimbo ulipokwisha, Tabu alisimama katikati ya ukumbi, gauni limechanika begani. "Nani aliona?"

Mwalimu akatabasamu. "Alijikwaa, nikamdaka."

Wote wakaniangalia mimi niliye juu jukwaani.

"Aa, nilikuwa nimeinamia santuri," nikasema.

Bi Mshangama, mfagiaji wa ukumbi, akaegemeza ufagio wake ukutani. "Usitudanganye, mwanangu. Aliposema 'niache', wewe uliongeza sauti."

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe cha sauti, na Tabu alikuwa anakitazama.