Mgonjwa wa Pili wa Matubwitubwi

Kwa masikitiko makubwa, ukoo mzima wa mzee Silvesta wa Shanwe, Mpanda, ulitangaziwa asubuhi ya Jumatano kwamba mgonjwa wa pili wa matubwitubwi amepatikana humo nyumbani.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa simbilisi. Jina lake Waziri, ukubwa wake kama kandambili ya mtu mzima.

Mgonjwa wa kwanza, Telesphor, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa kitandani. Mashavu yalikuwa yametuna, yamepakwa masizi ya chungu kama desturi inavyotaka, na khanga imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Treni ya Tabora ilikuwa imeondoka bila yeye, shule ya bweni imefunguliwa, naye hata kutafuna hawezi.

Waziri aliishi chini ya kitanda hichohicho. Tangu jana alikuwa hajagusa hata jani. Sasa alilala ubavu, akipumua kwa taabu.

"Kaka, umemwambukiza," Restituta alilia. Alikuwa na miaka minane, na Waziri ndiye mali yake pekee hapa duniani. "Wewe si umesoma? Sema, ugonjwa wa mtu unamshika mnyama?"

Telesphor alitikisa kichwa.

"Usimsumbue mume wangu, kuongea kunamuuma," alisema Bibi Generosa, akiingia na sufuria inayofuka mvuke. "Na ugonjwa hauulizi cheti cha ubatizo. Kuku wanapata mafua, sembuse huyu?"

"Sasa atakufa?"

"Afe, na dawa ninayo? Muone kaka yako. Siku ya tatu leo anakunywa mizizi yangu, na kikombe kinarudi kikavu. Wajukuu wengine hunitapikia miguuni. Huyu hata uso hakunji. Mwanamume huyo!"

Telesphor akageukia ukutani.

Nyuma yake alisikia Restituta akimbembeleza Waziri, "Vumilia, baba, vumilia." Akageuka tena. Mtoto alikuwa amempakata mnyama wake, amempanua mdomo kwa vidole viwili. Bibi alichota kijiko, kikajaa kitu cheusi kinachonuka uchungu hata kabla ya kuonjwa.

"Mmm!" Telesphor akanyoosha mkono. "Mmm-mmm!"

"Tulia, zamu yako inakuja."

"Mmm!"

"Bibi, kaka anamhurumia," Restituta akasema, machozi yakimdondokea Waziri mgongoni. "Fanya haraka."

Kijiko kikaanza kushuka. Miguu minne midogo ilichezacheza hewani, kisha ikaacha. Telesphor aliwaza mambo mawili tu: fimbo ya baba, na macho ya Restituta. Fimbo alishaizoea.

Akafungua khanga. Akaingiza vidole kinywani, akatoa bonge la pamba ya godoro kwenye shavu la kushoto, na jingine kwenye la kulia.



"Bibi, usimpe tena," alisema kwa sauti safi kabisa.

"Tena?" Bibi akauliza, kijiko kikining'inia hewani.

"Mimi siumwi. Na yeye haumwi ugonjwa wangu." Akaonyesha sufuria kwa kidole. "Ile dawa yote nilikuwa naimwaga kwenye pumba zake."