Miiba ya Bi Siwazuri

Fisi alipotwaa utawala wa bonde, aliamuru nungunungu wote wakatwe miiba, eti pawe na amani, na meno yake yeye yakiwa palepale. Nungunungu wakajaa langoni kwake wakitikisa miiba, mpaka akatoka. "Basi, amri nimeiahirisha."

"Kuahirisha si kufuta," alionya Bi Siwazuri, nungunungu mbishi kuliko wote. Wenzake wakarudi kuchimba mihogo. Kila siku ya gulio akawa anakwenda langoni peke yake kutikisa miiba, na akiwaita humjibu, "Si upo wewe, dada? Yatosha."

Gulio moja yakamfika shingoni. Akaenda shambani, akaketi katikati yao.

"Leo huendi?"

"Mbona nyinyi hamwendi?"

Hawajajibu, Fisi huyo, panga mkononi, wapambe nyuma. Kumbe alikuwa akingoja kimya cha langoni tu! Mihogo ikawadondoka. Miiba ikasimama shamba zima, ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Fisi akarudi kinyumenyume.

"Nilikuja kuwaarifu tu kwamba amri bado imeahirishwa."

"Tumesikia," akasema Bi Siwazuri. "Na sisi usingizi tumeuahirisha."