Ng'onda wa Marehemu

Siku hizi bomba la jikoni hukunusa pumzi kwanza. Aliyekula tango au mchicha hupewa kikombe, anywe papo hapo. Aliyekula chumvi hunyimwa hadi kesho, maana kiu amejitakia. Miaka yote hii nimetafuna maboga kama mbuzi. Lakini jana tulimsomea hitima marehemu mume wangu, Shekue, aliyependa samaki mkavu wa chumvi, ng'onda wa kuchoma, kisha maji ya mtungini, kata moja tukipokezana. Basi nikachoma kipande nilichokificha kwenye kanga.

Mkamwana wangu Saumu akaingia, pua mbele.

“Mama, unakula nini?”

“Tango.”

“Tango lina miba?”

“La zamani lilikuwa nayo.”

Akanuna, kisha akamega kidogo aonje. Yeye kazaliwa bomba hili lipo; hakuwahi kuonja chumvi. Akamega tena, na tena. Alipokwenda kunywa, bomba likamkalia kimya kama lilivyonikalia mimi.

Tukaketi sakafuni, midomo imekauka, na asubuhi iko mbali.

“Mama, hayo maji ya mtungini mliyokuwa mkinywa na marehemu yalikuwaje?”

Nikamwambia yalinukia udongo, na baridi yake ilishuka hadi kifuani.

Akameza mate. “Hebu sema tena,” akaniambia. “Polepole.”