Ufizi wa Bosi

Taa ya kola shingoni mwa Bosi ilikuwa kijani, na kwa sheria ya siku hizi mbwa mwenye taa ya kijani ni mzima, sawa na mtu mwenye bangili yenye taa ya kijani. Hakuna daktari atakayemgusa. Lakini mbwa huyu alikuwa ameacha mifupa yake na kujilaza nyuma ya banda, akilamba mguu usio na kidonda.

"Mama, kola haikosei," alisema Anansia, binti wa Aikande.

Aikande alimkumbuka baba yake kule Kibosho, akichuchumaa chini ya migomba kila Jumapili kabla ya kanisa, akiwafunua mbwa wake midomo mmoja baada ya mwingine. "Mbwa huficha ugonjwa kama mgeni anavyoficha njaa," alizoea kusema. "Usimwulize. Mguse." Kisha baba alibonyeza ufizi wa mbwa kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akangoja wekundu urudi. Mikono yake ilinukia kahawa, na hakuna mbwa aliyewahi kumng'ata.

Aikande akabonyeza ufizi wa Bosi. Wekundu ulikawia mno.

"Anaumwa," alisema.

Anansia aliitazama sahani ya chakula ambayo mama yake hakuwa ameigusa tangu asubuhi, kisha bangili iliyo mkononi mwa mama. "Taa yake kijani, na yako kijani. Nyote wazima." Akaenda zake kazini.

Aikande akanawa mikono. Akachukua mfuniko wa sufuria unaong'aa, akajitazama, akafunua mdomo wake mwenyewe. Akabonyeza ufizi, akangoja.