Kiyoyozi Kinachohesabu Watu

Mjinga wa siku zile alikuwa Shigeo, na hilo alikuja kulikubali mwenyewe. Alikuwa amemfungia mama yake kiyoyozi kinachojizima kisipoona mtu chumbani na kumpasha yeye habari kwa simu. Kila simu yake ilipomwandikia, "Nyumbani kwa mama hakuna mtu, kiyoyozi kimezimwa," alifurahi ofisini kwake Osaka: mama katoka kutembea, na umeme haupotei bure.

Jumamosi moja ya Agosti akapanda treni kwenda kumwona. Alimkuta amepiga magoti mbele ya madhabahu ndogo ya kumkumbuka marehemu baba, taulo la shingoni limelowa chapachapa, midomo tu ndiyo inayocheza. Chumba kilikuwa tanuri.

"Mama, joto lote hili umezima kiyoyozi?"

"Mimi? Si ulininyang'anya rimoti tangu Juni? Hiyo mashine yako yenye akili hujizima yenyewe kila nikikaa kusali."

Shigeo akakitazama kijicho cha kioo cha mashine ile ukutani, kinachomtambua mtu kwa kusogea kwake tu. Akapunga mkono, na kiyoyozi kikaunguruma, kikaanza kupuliza. Ndipo alipoelewa: siku zote zile simu iliposema nyumba ni tupu, mama alikuwa humu humu, akichemka.

Lakini mtu aliyenunua kitu ghali hakubali upesi.

"Kumbe ni jambo dogo tu, mama. Ukiwa unasali, tikisa mkono kidogo, kijue kwamba upo."

Mama akajipangusa shingo, wala hakugeuka.

"Miaka arobaini nimekaa na baba yako, mwanangu. Hakuwahi kungoja nimpungie mkono ndipo ajue nipo."