Sufuria ya Korongo

Niliponaswa, kichwa changu kilikuwa ndani ya dirisha la Korongo na mkia ukipepea nje. Kunguru mzima, niliyezunguka nchi chungu nzima, nimekwama kama kizibo! Aliyenichomoa ni Mama Paa.

"Unachungulia nini, Bwana Kunguru?"

Nilikuwa nawachunguza wakubwa. Mtoto wa Mama Paa alikuwa akiharisha tangu anywe maji ya bwawani. Kenge, mtaalamu wa maji, alisema yachemshwe, na kwamba kumwomba Mungu ni kupoteza muda. Korongo, kiongozi wa ibada, alisema mtoto aombewe tu, maana anayechemsha maji hamwamini Mungu. Mama Paa aliogopa kumuudhi yeyote, akabaki hafanyi lolote. Mimi nikawashuku wote wawili.

"Jikoni kwa Korongo sufuria inatokota," nikamnong'oneza. "Na si chai. Ni maji matupu."

Korongo akatusikia, akatoka mbio. "Mbona mnanionea mimi? Kamwoneni Kenge!"

Tukaenda naye. Kenge alikuwa amepiga magoti kando ya mayai yake, macho kayafumba: "Ee Mungu, nilindie wanangu." Alipotuona akaanza kupapasa sakafu.

"Natafuta miwani," akasema. Miwani ilikuwa puani.

"Mama Paa, yaishie hapa," Korongo akasihi. "Waumini wangu watanionaje?"

"Na wanafunzi wangu je?" Kenge akadakia.

"Yaani mwanangu aharishe ili nyinyi mheshimike?" Mama Paa akafoka. "Korongo, lete hayo maji. Na wewe Kenge, rudi magotini, umtaje na wangu."